Waya Mbili Nilizozinyoosha

Lurambi, Ijumaa, mvua ikinyesha

Nafula mama,

Sitakusalimia, maana nakusikia jikoni ukicheka na mama yako, na mtu unayemsikia akicheka hasalimiwi kwa karatasi. Mnanyonyoa kuku, ile ingokho nyekundu, na mama yako anasema alikuwa anaihifadhi kwa wageni, kumbe mgeni mwenyewe ni wewe. Mvua ya saa tisa imeanza kama kawaida yake. Mabati yanapiga kelele, dirisha limeingia ukungu, na mimi nimejifungia huku chumbani nikidai natafuta usingizi. Sitafuti usingizi, natafuta pa kuanzia.

Mambo ya blanketi na sabuni, na ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia mara nne. Sina haja ya kuongeza ya tano. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka mitatu. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Nairobi kusomea kazi yangu hii, umeme wa mashine kubwa za barabara, kwa sababu unaamini baba yako ni Daktari. Nataka ujue huyo Daktari alipatikana vipi, halafu uende.

Ile barua yako ya kuomba nafasi chuoni uliiacha mezani, nami nikaisoma. Usikasirike. Uliandika kwamba watu wa yadi wanamwita baba yako Daktari wa Mashine, na kwamba unataka kuwa kama yeye. Nilikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Niliona aibu, mama. Niliona aibu mpaka nikatoka nje nikaanza kufyeka nyasi ambazo mtu alikuwa amezifyeka jana yake.

Sasa sikiliza.

Wewe unanijua mimi na waya. Unanicheka kwamba nanyoosha hata kamba ya kuanikia nguo, na kwamba ulipokuwa darasa la kwanza nilikuwa nafungua kamba za viatu vyako nizifunge upya zilale sawa. Nilifundishwa hivyo. Mzee aliyenipa kazi hii, kabla hajamsalimia mwenye mashine, alikuwa anafungua mfuniko na kuangalia waya. Akikuta zimepindana anafunga mfuniko na kuondoka, hataki hata kujua ugonjwa ni nini. Nikakua hivyo. Waya zangu zililala kama mistari ya mahindi ya mtu asiye na haraka, na nilijivunia, wacha nikuambie ukweli, kuliko nilivyojivunia kitu kingine chochote mbali na nyinyi.

Mwaka wa tisini na tano yadi ya kampuni yetu ikapata ile eskaveta ya manjano. Unaikumbuka, ilichimba udongo mwekundu wa barabara kule chini mtoni. Mashine za zamani nilikuwa nazijua kwa sikio. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, na injini yenyewe inakuambia inaumwa wapi. Hii haikuwa hivyo. Ndani yake kulikuwa na kompyuta mbili, moja nyuma kwenye injini, nyingine chini ya kiti, ya kuongoza pampu zinazosukuma mkono wa kuchimba. Hizo mbili zinaongea siku nzima. Ya chini ya kiti inasema, tunahitaji nguvu. Ya nyuma inajibu, haya, naongeza. Zinaongea kupitia waya mbili nyembamba, moja ya njano na moja ya kijani. Zikikosa kusikilizana, injini inazima, maana haijui inatakiwa kufanya nini.

Opareta wake alikuwa Shivachi wa Musanda. Nakuandikia jina lake kamili maana katika nyumba hii halijatajwa muda mrefu. Zamani alikuwa anakuja hapa Jumapili baada ya kanisa, anakula obusuma, ugali wetu, na sisi, anakuletea muwa. Aliiendesha ile mashine polepole, kwa upole, nikamtania kwamba anaibembeleza ilale.

Krismasi ya mwaka huo yadi ilifungwa wiki mbili. Panya wakaingia chini ya kiti wakazaa, na kwa matandiko wakachagua waya zangu. Tuliporudi Januari mashine haikuwaka. Nikafungua, nikakuta ile ya njano na ile ya kijani zimetafunwa, na kumbe zilikuwa zimesokotana kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtoto amezichezea. Nikacheka peke yangu mle ndani. Nikasema, ala, hata Wazungu huko kwao wana mafundi wavivu.

Nikaweka waya mpya. Nikazinyoosha. Kila moja nikailaza peke yake, nikazifunga pamoja na waya za taa na za waipa za kupangusa kioo, zikaenda moja kwa moja mpaka nyuma, ungefikiri zimepigwa pasi. Niliwaita vijana wa yadi waje waone. Mashine ikawaka mara moja. Januari, Februari na Machi, jua kali, vumbi, ikafanya kazi bila neno.

Mvua za Aprili zikaja.

Pale yadi kila mashine ina kitabu. Ukurasa mmoja opareta anaandika malalamiko, ukurasa wa pili fundi anajibu na kutia sahihi. Shivachi akaandika kwa penseli, "Inazima mvua ikinyesha." Nikaenda asubuhi, jua linang'aa, nikaiwasha, nikachimba, nikageuza mkono kulia na kushoto. Haikuzima. Nikapima zile waya kwa mita ya umeme, moja moja. Nzima. Nikaandika, "Imepimwa. Iko sawa."

Wiki iliyofuata akanifuata mwenyewe, matope mpaka magotini. "Baba Nafula, hii kitu inazimikanga mvua ikikuja. Nikiwasha taa niweze kuona, nikiwasha na waipa, inakohoa mara mbili na inakufa. Jua likiwaka haina neno."

"Mvua na kompyuta wapi na wapi?" nikamwambia. "Maji hayaingii mle. Nimefunga mwenyewe."

"Sijasema maji yanaingia. Nimesema inazimikanga. Kuja tupande mimi na wewe saa tisa, uone."

"Saa tisa mimi niko na kazi, Shivachi."

Sikuwa na kazi, mama. Sikutaka kulowa, na zaidi ya hapo sikutaka mtu wa kuvuta vishikio anifundishe waya. Nikapima tena asubuhi, mita ikasema nzima, nikaandika tena iko sawa. Mita ilikuwa inaniambia njia ipo. Haikuwa inaniambia kama maneno yanafika, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza hilo.

Mara ya tatu ilizima akiwa kwenye mteremko, mkono umeinuka juu, mvua ya mawe. Mashine ikateleza ikaponda makalvati, yale mabomba ya zege ya kupitisha maji, yote yaliyokuwa yamepangwa kando ya barabara. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Msimamizi akaniita ofisini na kitabu. Nikaandika mbele yake, kwa wino, "Iko sawa. Aangaliwe opareta."

Akaniuliza, "Huyu Shivachi hunywa?"

Shivachi hata busaa ya matangani haonji, na mimi ndiye niliyejua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Niliangalia viatu vyangu. Msimamizi akaelewa alivyotaka kuelewa, na kufikia mwisho wa wiki Shivachi hakuwa na kazi. Kwenye barua yake waliandika alilala akiendesha.

Jioni ile hapa mezani nilisema neno ambalo pengine umelisahau. Nilisema mtu akishindwa na kazi anasingizia mvua. Ulikuwa fomu two. Ulicheka, na mimi nikafurahi kwamba umecheka.

Sasa nikufikishe mahali ambapo mpaka leo huwa naparudia usingizini. Ilikuwa Juni. Ile eskaveta ilikuwa imelala pale mtoni, inasubiri opareta mpya, na nikatumwa niitoe kabla maji hayajapanda. Nilifika peke yangu. Mvua ikashuka ghafla, ile ya kwetu hii, msitu wote ng'ambo ya mto ukapotea, ukabaki weupe tu. Nilikaa kwenye kiti cha Shivachi. Kilikuwa bado kimebonyea alipokuwa anakaa. Maji mekundu yalikuwa yanapita chini ya minyororo ya kutembelea, kioo kimejaa pumzi yangu, na kulikuwa na joto kidogo mle ndani, joto zuri la injini, nikahisi kama nimekuwa mtoto tena niko mgongoni kwa mama, nimefunikwa shuka, nasikia mvua lakini hainipati.

Nikawasha taa. Nikawasha waipa.

Ikakohoa mara mbili, ikafa.

Sijui nilikaa mle muda gani. Waipa zilikuwa bado zinakwenda, kulia, kushoto. Nikazizima, nikazima na taa, nikawasha injini, ikanguruma vizuri. Nikarudisha taa na waipa, ikafa. Nilifanya hivyo mara sita. Kila mara nilikuwa naomba isife, na kila mara ilikufa vile vile alivyosema. Halafu nikaziona zile waya chini ya miguu yangu, zimenyooka vizuri sana kando ya waya za taa, na nikakumbuka nilivyozikuta zimesokotana.

Hakuwa fundi mvivu, Nafula. Zilisokotwa makusudi. Waya ya taa na ya mota ya waipa, umeme ukipita, inapiga kelele ambayo sikio la mtu haliisikii. Zile mbili zikiwa zimesokotana, kelele inazipata zote sawasawa, na kompyuta inajua kuitoa. Zikiachana, moja inapata nyingi na nyingine kidogo, maneno yanachafuka, na zile kompyuta mbili zinaitana bila kusikilizana. Mimi ndiye niliyezitenganisha, kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa sababu ya umaridadi.

Kesho yake nilikwenda mapema, nikafungua, nikazisokota kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikazilaza mbali na nyingine. Nikafunga mfuniko. Kitabu kilikuwa pale pale kando ya kiti. Sikuandika kitu. Nilijiambia nitaandika Jumatatu, na Jumatatu ikapita, na nyingine, na opareta mpya akaiendesha kwenye mvua siku nzima, kila mtu akasema, mnaona sasa, kumbe ni kweli yule alikuwa analala.

Julai tulikuwa tunatoka mjini mimi na wewe, tumefika karibu na Shieywe. Ulikuwa umetangulia na sare yako ya shule. Shivachi alikuwa amesimama kando ya njia na mzigo wa miwa anauza. Alikuona akafurahi, uso wake wote. Akachomoa muwa mmoja, akasema, "Nafula, mama, kuja uchukue." Ukampita. Hukumsalimia, hukugeuza hata shingo. Nilikuwa nyuma yako hatua kumi tu. Akaniangalia, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua ukweli wiki tatu, na nikapita pia.

Wewe huna kosa pale, na nisikusikie ukijilaumu. Ulikuwa umemwamini baba yako.

Mwaka uliofuata ndipo nikawa Daktari. Kambi nyingine ya kampuni ilikuwa na mashine kama ile, inazima mvua ikinyesha, imewashinda wote, hata mtaalamu aliyeletwa kutoka Nairobi, maana naye aliipima asubuhi. Wakaniita. Nikafungua mfuniko, nikakuta waya zimenyooka vizuri kabisa. Fundi wao naye alikuwa mtu maridadi kama mimi. Nikazisokota, nusu saa, nikawaambia wawashe taa na waipa. Wakapiga makofi. Wakaniuliza, umejuaje? Nikasema, "Uzoefu."

Hilo neno moja, mama. Ningeweza kusema, nimejua kwa sababu niliharibu ya kwetu na mwenzangu akafukuzwa. Pale pale ningeweza, na jina lake lingesafishwa. Nikasema uzoefu, nikala kuku wao, nikarudi nyumbani Daktari, na wewe ukanikimbilia pale langoni.

Kwa hiyo jana, Alhamisi, sikwenda kazini kama nilivyowaambia. Nilikwenda Musanda, kwa Shivachi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anapaka grisi trela ya miwa. Siku hizi anaendesha trakta ya mtu. Amekonda. Hakuniambia karibu.

"Fundi," akasema. Zamani aliniita Baba Nafula. "Leo umepotea njia?"

Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima lakini yalitoka ovyo. Nilisema ile mashine ilikuwa inazima. Nilisema ulisema kweli na mimi nilijua. Aliendelea kupaka grisi mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Ilikuwa nini?"

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza, Nafula. Alitaka kujua mashine ilikuwa na nini. Nikachuna nyuzi mbili za mgomba uliokauka, nikamwonyesha, hivi ndivyo zilivyokuwa, na hivi ndivyo nilivyozifanya. Akazichukua mkononi mwangu. Akazisokota, akazinyoosha, akazisokota tena.

"Mimi nilikuwa nimeanza kuamini nililala," akasema. "Mama watoto ananiambia, hukulala wewe. Namwambia, unajuaje, ulikuwa huko? Mpaka leo mvua ikianza nasimamishanga trakta, nashuka, nangoja iishe. Vijana wananicheka ati mzee anaogopa kulowa. Mimi siogopi kulowa. Naogopa pengine ni kweli huwa nalala bila kujua."

Haki ya Mungu nililia. Sikulia kwa sababu ya kazi yake. Kazi mtu anaweza kupata nyingine. Huyu mtu nilimtoa imani na macho yake mwenyewe.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Bado. Kwanza enda uandike pale pale uliandika."

Leo asubuhi nimeandika. Nilikiomba kile kitabu cha zamani, kilikuwa stoo chini ya betri zilizokufa. Penseli yake bado inasomeka. Chini ya wino wangu nikaandika, "Opareta alisema kweli mara zote tatu. Kosa ni la fundi aliyenyoosha waya," na sahihi. Nikakipeleka ofisini, nikakiweka wazi juu ya meza ya msimamizi. Alisoma mara mbili. Aliniambia nirudi Jumatatu. Sijui Jumatatu nitatoka pale nikiwa nani, na mama yako bado sijamwambia, nitamwambia kesho tukishakusindikiza. Ninaogopa, lakini mvua ya leo ilipoanza nilikuwa bado njiani narudi nyumbani, nikalowa bila kujikinga, na sikuona vibaya.

Huko uendako watakufundisha mita na michoro kuliko ninavyojua mimi. Sina la kuongeza hapo. Ila siku moja opareta atakuja na matope magotini akuambie mashine yake inazima saa fulani, mahali fulani, na mita yako itasema yeye ni mwongo. Panda naye. Saa ile ile aliyokuambia, mvua ile ile, ukalowe. Ukikuta ni uongo, basi umelowa tu, utakauka. Na ukiandika kwenye kitabu cha watu, kumbuka kuna mwenye mke na watoto kwenye ukurasa unaoelekeana na wako.

Kama ukimaliza kusoma hutaki tena kusema baba yako ni Daktari, usiseme. Hiyo nitaielewa. Nitaumia, lakini nitaielewa. Naitwa Makokha, ni fundi, na ninakupenda kuliko waya zote nilizowahi kunyoosha.

Bado kitu kimoja. Jana nilipokuwa naondoka Musanda, nimefika njiani, Shivachi aliniita. Alikuwa ameingia shambani na panga. Akaniuliza unaenda lini, nikamwambia Jumamosi.

"Wewe bado," akasema. "Lakini mtoto alisikia babake. Hana kosa."

Muwa uko nyuma ya mlango wa sebuleni, ameukata vipande vitatu ili uingie kwenye mfuko wako. Safari hii uchukue.

Baba yako